Polingaysi Qöyawayma: msaliti wa Wahopi, au mwalimu aliyewahi mno?

Ukitaja jina la Polingaysi Qöyawayma kwa watu wanaofuatilia historia ya Wahopi, kabila la wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, kesi inaanzia palepale, kwenye gari la farasi. Ni 1906, watoto wa Oraibi, kijiji cha Wahopi, wanasafirishwa kwenda kupanda treni ya California, wanapelekwa Sherman Institute, shule ya bweni ya serikali kule Riverside, na huyu binti ambaye wazazi wake hawajatoa ruhusa akajificha ndani ya gari, alipokutwa akagoma kushuka mpaka wazee wake wakanyoosha mikono. Watoto wengine walikuwa wanawindwa kama wahalifu ndo wafikishwe darasani, ye kajipeleka mwenyewe. Basi hukumu inatoka kabla hata hajawa mtu mzima, kibaraka wa wazungu, faili limefungwa.

Na wanaosema hivyo wana sababu zao, tusiwadharau. Shule haikuingia kwa Wahopi kwa hodi. Januari 1895 wanaume 19 walifungwa Alcatraz, kile kisiwa cha gereza pale San Francisco, kosa lao kubwa likiwa kukataa kupeleka watoto shule na kukataa serikali iwagawie upya mashamba. Septemba 1906 Oraibi yenyewe ikapasuka, kambi mbili zikasukumana kwenye mstari uliochorwa chini, ile iliyokataa shule na serikali ikashindwa ikahama siku hiyohiyo na kwenda kuanzisha kijiji cha Hotevilla, na haukupita muda mrefu wanajeshi wakafika huko wakabeba watoto kuwapeleka bweni la Keams Canyon. Sasa mtu anayejiingiza mwenyewe kwenye mashine hiyo, halafu baadaye anakaa na wamisionari wa Kimennonite kule Kansas, anarudi nyumbani kuhubiri, anamlaumu mama yake kwa nini watu bado wanalala chini na kula chini, huyo utamtetea vipi? Hiyo ya kumlaumu mama mimi simtetei. Alikuwa na kiburi cha msomi aliyerudi kijijini, na mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake cha 1964 hakuficha.

Ila mbona kesi inaishia hapo? Huyu mama kafundisha mpaka 1954, miaka thelathini hivi, na cha ajabu wanaomhukumu kwa safari ya utotoni hawaulizi kabisa darasani alikuwa anafanya nini.

1924 aliingia shule ya serikali ya Hotevilla. Ndiyo, Hotevilla hiyohiyo ya waliokataa shule. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa unajulikana, Kihopi marufuku, mtoto akae asikilize Kiingereza kama mvua inavyopiga bati, akishika ashike, asiposhika shauri yake. Vitabu vimejaa treni na visa vya Ulaya, na mtoto aliye mbele yako hajawahi kuona treni. Polingaysi akaanza kinyume. Akachukua nyimbo na hadithi za Kihopi ambazo watoto walikuwa nazo tayari, na vitu walivyovizoea majumbani, akaanzia hapo, halafu Kiingereza kikaja juu yake. Unaweza kusema leo hilo si jambo, kila chuo cha ualimu kinafundisha hivyo, lakini hebu angalia tarehe. John Collier, yule kamishna wa idara ya serikali ya mambo ya wenyeji asilia aliyebadilisha sera na kuanza kuruhusu utamaduni wa wenyeji asilia mashuleni, aliingia madarakani 1933. Huyu mama alikuwa ameshaanza kuvunja utaratibu miaka ya 1920, peke yake, bila waraka wala ruhusa, na wakaguzi walimkalia kooni kwelikweli.

Na waliompinga hawakuwa wakaguzi tu. Wazazi wa Hotevilla nao walikuja juu, na hili ndo jambo ambalo mimi sichoki kulifikiria. Hoja yao ilikuwa kwamba mambo ya Kihopi watoto wanafundishwa nyumbani, shule kama lazima iwepo basi ifundishe ya mzungu yaishie huko. Watu wanasoma hapo wanacheka, eti wazazi wanakataa lugha yao wenyewe! Hapana jamani, hao hawakuwa wanakataa lugha yao, walikuwa wanailinda. Serikali imeshachukua ardhi, imefunga wanaume, imechukua watoto, sasa ichukue na hadithi izifanye somo? Nyumbani ndo sehemu pekee iliyobaki ambayo mkaguzi hana ufunguo. Kwangu hii ndo hoja nzito kuliko zote zilizowahi kutolewa dhidi yake, nzito mara kumi kuliko ile ya gari la farasi, na historia iliwapa wazazi nguvu kidogo maana utawala huohuo wa Collier ulioanza kusifia utamaduni ndo ulileta katiba ya kabila ya 1936, ambayo wazee wengi wa Hotevilla hawakuitaka, pamoja na mambo ya kupunguza mifugo. Serikali ikikusifia, angalia mkono wake wa pili uko wapi.

Lakini tatizo la hoja ya wazazi ni kwamba ilitegemea mtoto awe na nyumba ya kurudi. Bweni la Keams Canyon lilishavunja hilo. Mtoto anayekaa miaka bila kumsikia bibi yake, hiyo elimu ya nyumbani ataipata saa ngapi? Na kwa wanaobaki na shule ya kutwa, saa zote za mchana wanaambiwa kimya kimya kwamba wanachokijua hakina maana. Polingaysi aliliona hilo kwa sababu lilimpata yeye, alishawahi kuwa yule mtoto aliyepewa jina la Bessie na kuambiwa aanze upya. Na hakupeleka siri za ibada darasani, alipeleka nyimbo na hadithi za watoto. Hapo mimi nasimama upande wake, japo si kwa furaha, maana wazazi hawakukosea kuogopa.

1941 idara ileile ya Collier ikamchagua akaonyeshe njia yake mbele ya walimu na wasimamizi huko Chemawa, Oregon, na alipostaafu Wizara ya Mambo ya Ndani ikampa tuzo. Wapinzani wake wanaitumia tuzo kama ushahidi. Mimi naona inaonyesha tu kwamba wakubwa walichelewa. Baadaye akageukia ufinyanzi, na akasaidia kuanzisha mfuko wa kuwasomesha vijana wa Kihopi chuo kikuu cha Northern Arizona.

Na kama bado mtu anashikilia kwamba kosa lake ni kwenda kwa hiari, amtazame Helen Sekaquaptewa, wa rika lake, familia yake ilikuwa upande wa waliohamia Hotevilla, na 1906 yeye ni kati ya watoto waliobebwa na wanajeshi. Huyo hakujificha kwenye gari lolote. Na bado shule aliipenda, akaendelea mpaka Phoenix, akabadili dini akawa Mmormoni, na mwanawe Emory alikuwa mmoja wa walioandaa kamusi kubwa ya Kihopi iliyotoka 1998. Wote wawili walifariki 1990. Mmoja kapelekwa kwa nguvu, mwingine kakimbilia, na mwisho wa safari wamekaribiana hivyo, sasa hiyo hukumu ya gari la farasi ilikuwa inapima nini hasa?