Mama mkubwa aliponenepa, tulimpongeza

Malipo ya korosho yakishaingia, huku Mtwara salamu hubadilika: "Umenawiri! Mambo yamenyooka." Mama yangu mkubwa wa Newala aliisikia miaka mingi, na sisi wanawe tulikuwa wa kwanza kuitoa. Zamani alitembea kwenda shamba na kurudi, akila ugali wa muhogo kwa kisamvu, na kipindi cha njaa ming'oko, mizizi ya porini. Fedha zilipopatikana akawa mtu wa bodaboda, soda kila siku, chai vijiko vinne vya sukari. Alipokuja kugundulika ana kisukari, kidonda cha mguuni kilikuwa na miezi miwili hakijafunga.

Inaniuma, maana mwili tuliousifia ndio uliokuwa ukimuumiza. Mafuta yakijaa tumboni, yakazunguka ini na matumbo, insulini, homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, hushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Sukari hubaki kwenye damu, presha hupanda, na hapo moyo na kiharusi haviko mbali. Magoti nayo hulemewa. Kwa wanawake huongezeka hatari ya saratani ya mji wa mimba, na ya matiti baada ya kukoma hedhi.

Kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, hakipimwi kwa macho. Chukua kilo zako, ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mkubwa alikuwa na kilo 82 na urefu wa mita 1.60: jibu ni 32. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni kiribatumbo. Huna mzani? Azima tepu ya fundi cherehani, uzungushe kiunoni. Mwanamke akipita sentimita 80, mwanamume 94, hatari imeshaanza.

Linalonikera zaidi ni minong'ono. Mama mkubwa alipoanza kutembea na kuacha soda, alipungua kilo 4. Hiyo ni karibu asilimia 5 ya uzito wake, na kiasi hicho tayari husaidia kushusha sukari na presha. Majirani wakaanza: "Yule naye ameukwaa." Kwetu kukonda bado kunasomwa kama Ukimwi. Aliona aibu, akarudia kula kama mwanzo ili tu mwili urudi. Alipoteza miezi minane pale, kwa maneno ya barazani.

Sasa ameanza upya. Nikimpigia simu simuulizi tena kama amenawiri. Namuuliza kidonda, halafu namuuliza amefika wapi. Jana alifika hadi mwembe wa msikitini na kurudi, kwa miguu yake.