Mtoto kamwambia bibi yake "sijali", sasa mama hapokei simu zangu

Mwezi uliopita mama yangu alikaa siku tatu hapokei simu yangu, na mkosaji si mimi wala si mtoto, mkosaji ni Kiingereza.

Ilikuwa hivi. Kuna mtu wa kwetu Tanga alikuwa anakuja huku Manchester, mama akapiga vidio aongee na binti yangu wa miaka 8, amuulize amfungie nini kwenye mzigo, visheti au kashata. Sasa huyu mtoto kazaliwa huku, Kiswahili anacho lakini anakipika kichwani kwa Kiingereza kwanza ndo anakipakua, basi akajibu kwa adabu zote alizofundishwa shuleni: "Sijali, bibi." Kimya. Mama akadhani mtandao unasumbua, akauliza tena, eti nini? Mtoto huyo kwa sauti safi kabisa, "Sijali. Chagua wewe." Nikamwona mama anavuta mtandio kichwani taratibu, akasema "haya", na ile haya ya mama zetu mnaijua, si haya ya kukubali. Simu ikakatika na haikukatika kwa mtandao.

Mtoto alitaka kusema "I don't mind". Kwa Kiingereza hilo ni jibu la heshima, unamwambia mtu kwamba vyote ni vizuri, sitaki kukusumbua, chagua linalokurahisishia. Akakamata neno la kwanza lililokuwa karibu. Na hapo ndo naona lugha yetu nayo ina mitego yake, maana "usijali" ni neno tamu kuliko asali, unamwambia mtu aliyekumwagia chai kwenye zulia na anaondoka roho yake imetulia, lakini likirudi kwako mwenyewe, "sijali", tayari ni ugomvi. Mtoto hawezi kulijua hilo kama hajakulia uani na watu wazima.

Nilimcheka lakini mi mwenyewe nilianza vibaya zaidi. Nilipofika huku 2013 nilibeba boksi mwaka na nusu, alafu nikapata kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba moja ya wazee, sitaitaja. Wiki ya kwanza nimepewa toroli la chai. Nafika kwa mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, nikamuuliza chai au kahawa, akasema "I'm not fussed, lad". Nikaelewa hataki. Nikasukuma toroli langu nikaenda zangu. Kesho yake hivo hivo, keshokutwa hivo hivo. Siku ya nne nikaitwa na meneja anacheka, kumbe mzee alimaanisha chochote ni sawa, na kawaambia wenzie yule kijana mpya ana mkono wa birika, na kweli birika nilikuwa nimelishika mkononi.

Bibi mmoja jirani yake ukimuuliza kama anataka chai anajibu "I wouldn't say no", yaani anataka. Mwingine anasema "go on then", kwa sauti kama vile wewe ndo umembembeleza, na yeye anataka kuliko wote. Hakuna hata mmoja kati yao anayesema "ndio, nataka chai". Kutaka kitu moja kwa moja kwa wazee wa huku naona ni kama kuomba, wanaona haya.

Nikaanza kuyapanga maneno yao kichwani. "I don't mind" ni laini, mlango uko wazi. "I'm easy" inafanana nayo, ila mtu anakuwa ametulia zaidi. "I'm not fussed" maana yake kuchagua hakuninyimi usingizi. "I'm not bothered" hapa kaskazini ya Uingereza mtu anaweza kukwambia bila ubaya wowote, ila kijana akiisema huku anaangalia pembeni basi ni dharau, na mwaka 2006 watu wa kamusi za Oxford walilichagua "bovvered", yaani hilo hilo kwa matamshi ya vijana wa London, kuwa neno la mwaka. Wazee wa hapa Manchester wana la kwao, "mithered", yaani kusumbuliwa, hilo msilitafute kwenye vitabu vya shule. Ukifika "I don't care" ujue mtu ameshakutoa moyoni, na "I couldn't care less" ndo chini kabisa, hakuna kilichobaki. Shemeji yangu yuko Minneapolis anasema kule wanasema "I could care less", ambayo ukiichambua inamaanisha bado anajali kidogo, lakini wao wanamaanisha hawajali kabisa, na wamekuwa wakibishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu hilo miaka nenda rudi. Mi siwezi kuwasaidia. Na "whatever" nayaacha, nina mtoto wa ndugu yangu wa miaka 15, nimeyasikia ya kutosha.

Sisi je? Mtu akiniambia Kiswahili hakina maneno ya kutojali nitamshangaa. Tuna shauri yako, tuna simo, hainihusu ndewe wala sikio, potelea mbali, liwalo na liwe, vijana wana potezea, wana utajiju, na kumchunia mtu, ambako husemi hata neno moja. Lakini yasikilizeni vizuri. Yote yanapigwa kama kengele. Jirani yetu mmoja pale Ngamiani alikuwa na khanga imeandikwa Mtasema Mchana Usiku Mtalala, akiivaa asubuhi akipita mbele ya nyumba fulani, mtaa mzima unajua leo kuna jambo. Sasa mtu asiyejali kweli anakwenda dukani kuchagua maandishi, analipa hela ya doti nzima, anapeleka kwa fundi ikapindwe, anaivaa na kupita njia ya mbali ili aonekane? Yule mama alijali mpaka mifupa inamuuma. Kwetu mtu anayesema hajali anataka umuulize kwa nini.

Na hapo ndo penye hoja yangu, nimeizungushia kichwani miaka kumi na zaidi. Watu wengi wanaorudi likizo wanasema Wazungu hawajali, kila mtu na lwake, jirani anaweza kufa usijue. Mi nasema sio hivo hasa. Tofauti ni kwamba wao wanaamini neno la kwanza. Ukisema sitaki, hutaki. Ukisema niko salama, uko salama, wanaendelea na safari. Kwetu neno la kwanza halihesabiki. Mgeni akikaribishwa chakula anasema nimeshiba, na mwenye nyumba anajua hajashiba, na mgeni anajua kwamba mwenye nyumba anajua, basi anaambiwa aa njoo bana, tonge mbili tatu tu, anakataa tena, mara ya tatu ananawa mikono. Mi mwaka wangu wa kwanza nilialikwa kwa mfanyakazi mwenzangu, akaniuliza utakula, nikasema hapana asante nimeshiba, akasema "okay" akarudisha sufuria. Jamani. Nilirudi nyumbani kwa basi na njaa yangu nasikia harufu ya ile nyama mpaka leo.

Hilo la neno la kwanza huku wameliweka hadi kwenye sheria. Tulipofundishwa kazi tulisomeshwa Mental Capacity Act ya 2005, na kati ya kanuni zake kuna hii kwamba mtu mzima uanze kwa kumchukulia ana uwezo wa kuamua mambo yake, na kwamba akiamua jambo unaloliona la kijinga, ujinga huo peke yake sio ushahidi kuwa akili yake imeshindwa. Nilipolisikia mara ya kwanza nikasema moyoni, hawa wametunga sheria ya shauri yako. Mzee hataki kuvaa sweta na nje baridi, unamshauri, akikataa umekataliwa. Kwetu mzee angevalishwa sweta na watu watatu huku anagomba, na watoto wangesifiwa kwa kumtunza baba yao.

Ila sikudanganyi, nimekuja kuipenda sheria ile. Shangazi yangu mmoja miaka yake ya mwisho hakuna aliyemuuliza anataka nini, kulala alipangiwa, kula alipangiwa, hadi redio alizimiwa kwa sababu eti anatakiwa apumzike, na tulikuwa tunampenda, hakuna anayeweza kusema hatukumpenda. Alikuwa akisema nataka kukaa nje barazani, tunamwambia kuna upepo.

Na kutojali kuna upande mwingine ambao sisi tunausahau. Kuna bibi mmoja pale kazini, mwalimu mstaafu, mtu wa kanisa hasa, aliniambia neno "indifferent" zamani lilikuwa sifa. Akanionyesha kitabu chao cha sala, kile cha mwaka 1662, kuna mahali wanawaombea watawala watoe haki "truly and indifferently", yaani kwa kweli na bila kuegemea upande. Hakimu asiyejali wewe ni mtoto wa nani. Nikakumbuka nilivyohangaika nyumbani kupata karatasi moja kwenye ofisi moja, nenda rudi wiki mbili, mpaka mjomba alipokumbuka kwamba alisoma na mtu wa ndani, siku ile ile karatasi ikatoka na soda juu. Yule bwana alinijali sana, lakini wale waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu hakuwajali hata mmoja. Huku dirishani anakaa dada hajainua uso, hanijui, hataki kunijua, anagonga muhuri. Siku zingine natamani aseme hata habari za asubuhi, lakini muhuri umegongwa.

Baba alipofariki 2019 niliwaambia kazini. Wote wakasema "sorry for your loss", wengine wakanishika bega, alafu tukarudi kwenye kazi. Hakuna aliyeuliza aliumwa nini, hakuna aliyekuja nyumbani. Nikakasirika, nikawaambia wabongo wenzangu hawa watu ni mawe. Niliporudi kutoka mazikoni nikakuta kadi kwenye kabati langu, imesainiwa na watu kumi na nne hadi mpishi, na mmoja kaandika chini kwa herufi ndogo nisihangaike kujibu. Na kwenye ratiba ya shifti nikaona wikiendi zangu mbili zimechukuliwa na mtu mwingine, hakuniambia na mpaka leo hajawahi kulizungumzia. Mi nilikuwa nasubiri turubai na mkeka, kumbe rambirambi yangu ilikuwa imeandikwa kwa penseli kwenye ratiba. Msibani kwetu watu walijaa, na Mungu awalipe, ila kuna waliokuja kwa sababu daftari la michango lilikuwa mezani na majina yanasomwa.

Sasa msije mkasema nimeshakuwa Mzungu. Kuna mahali ambapo imani yao hii ya neno la kwanza inaniuma mpaka nashindwa kulala. Yule mzee wangu wa chai ana watoto watatu, wawili wako hapa hapa, nusu saa kwa gari. Jumapili anakaa kwenye kiti cha dirishani kinachoangalia maegesho, amenyoa, amevaa shati la kola. Ikifika saa kumi jioni nampitia namuuliza wageni leo hamna, ananiambia wako bize na kazi, "I don't mind". Maneno yale yale ya kikombe cha chai, sauti ile ile. Na kwenye simu akiongea na binti yake namsikia anamwambia hivo hivo, don't worry love, I don't mind, na binti anaamini. Kalelewa aamini, kwa hiyo haji. Angekuwa mama yangu kamwambia mtu "haidhuru, mna kazi zenu", ningekata tiketi usiku ule ule, maana haidhuru ya mama imekwishadhuru.

Kitabu cha kazi kinaniambia niheshimu neno lake. Mi nakaa naye dakika kumi, wakati mwingine na shifti yangu imeshaisha, ananieleza habari za mabomba ya shaba yalivyokuwa imara. Siku hizi chai yake simuulizi mara moja, namuuliza mara tatu kama mgeni, ananiona kichaa lakini ya tatu anasema "go on then".

Mama alipokea simu siku ya nne. Nikamweleza yote, mtoto hakukusudia, kwa Kiingereza ni adabu ile, alikuwa anakuheshimu. Akasikiliza hadi mwisho akasema, "Sawa baba, nimeelewa. Hicho Kiingereza aongee na wa huko, mi aniambie chochote bibi, vyote navitaka." Nikamuuliza kwa hiyo yamekwisha? Akasema, "Kwani kulikuwa na nini?"

Mzigo umefika jana. Visheti kopo zima, kashata za nazi na za karanga, ubuyu juu yake, mtoto anaruka ruka. Na chini kabisa, imekunjwa vizuri na gazeti, doti moja ya khanga ya mke wangu, nyekundu, nzuri kwelikweli. Tumeifungua mezani tukasoma maandishi: Shukrani ya Punda Mateke. Mke wangu ananitazama, ananiuliza hii ananiambia mimi, wewe, au mtoto, nikamwambia labda mama kapenda rangi tu.