Begi la Kukunja: Anza na Mikanda, Gramu Baadaye

Mtu akiniuliza kuhusu begi la mgongoni la kukunjika, mara nyingi huanza na swali moja: lipi jepesi zaidi? Nami niliuliza hivyo hivyo. Nikapata begi la gramu 70, ambalo ukilikunja unalifumbata kiganjani. Nililipenda kweli. Mwezi wa tatu, nikiwa nashuka ngazi, mkanda wa kushoto uling'oka, na kompyuta yangu ilikuwa ndani.

Kilichonifungua macho ni kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa kizima. Kilichoshindwa ni sehemu ya upana wa vidole viwili, pale mkanda ulipokutana na mwili wa begi. Mtengenezaji alikuwa amepitisha mshono mmoja tu kwenye kitambaa chembamba, na kila tundu la sindano likageuka kuwa mwanzo wa mchaniko. Tangu hapo sinunui begi kabla sijalipindua nje ndani. Natafuta kipande cha kitambaa kilichoongezwa nyuma ya shina la mkanda, na mshono wa kwenda na kurudi, ule uliosongamana hadi unaonekana kama mstari mmoja mnene. Nisipoviona, nalirudisha lilipokuwa, hata liwe jepesi namna gani.

Fikiria tunachobeba kila siku. Kompyuta mpakato ina kama kilo moja na nusu. Chupa ya lita moja ikijaa ni kilo moja na ushee. Weka mwavuli, chaja na sweta, umepita kilo tatu. Ukichagua begi la gramu 200 badala ya la gramu 70, umeongeza gramu 130, yaani mafunda machache ya maji. Mabega yako hayatajua. Yatakachojua ni upana wa mkanda. Mkanda mwembamba usio na chochote ndani hujikunja ukawa kama kamba, uzito wote ukakusanyika kwenye mstari mmoja wa bega. Mkanda wa sentimita tano, hata ukiwa wa wavu laini tu bila sponji, huutandaza uzito ule ule. Wavu nao hukunjika vizuri, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kuhusu kitambaa, utakutana na neno denia. Ni kipimo cha unene wa uzi: uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Mabegi mepesi kupindukia hutumia nailoni ya denia 30 au hata chini ya hapo. Kwa matumizi ya kila siku mimi nasimama kati ya 70 na 100. Angalia pia vile vimraba vidogo kwenye kitambaa. Watu wengi hudhani ni mapambo, kumbe ni nyuzi nene zilizofumwa kila baada ya milimita chache ili tundu likitokea lisiendelee kuchanika. Tundu litatokea tu, ila litaishia hapo.

Neno "haliingizi maji" lisikupumbaze. Kitambaa kinaweza kuzuia mvua vizuri sana huku maji yakipenya kwenye zipu na kwenye matundu ya mishono. Vifaa vya umeme vifunge kwenye mfuko wake, basi.

Kuna jambo moja nalisema waziwazi ingawa wapenzi wenzangu wa mabegi haya hawalipendi: kama unabeba kompyuta siku tano kwa wiki, chukua begi la kawaida lenye mgongo wa sponji. Begi la kukunja halina umbo. Kona ya chaja itakuchoma kiunoni, na ukiliweka chini kila kitu huporomoka. Thamani yake iko kwingine. Linakaa ndani ya begi jingine au kwenye droo ya ofisi, likisubiri siku ambayo umetoka mikono mitupu na unarudi umejaa. Kwa kazi hiyo lita 15 hadi 20 zinatosha.

Ndiyo maana nasisitiza pia kwamba kifuko cha kulihifadhia kiwe kimeshonewa ndani ya begi lenyewe. Kile cha pembeni hupotea, na kikipotea begi huanza kubaki nyumbani.

Kulitunza hakuna mambo mengi, ila usilisokomeze likiwa bichi. Vitambaa vingi hupakwa poliyurethani, yaani utando wa plastiki wa kuzuia maji, upande wa ndani, na unyevu wa muda mrefu huivunjavunja: kwanza inanata, kisha inatoa harufu, mwishowe inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Likishafika hapo hakuna dawa. Langu nalitundika usiku kucha hata kama limelowa kidogo tu.

Vitambaa vingine hupakwa silikoni badala yake. Silikoni haina tatizo hilo, na huongeza nguvu ya kitambaa dhidi ya kuchanika. Ugumu wake ni wakati wa kuziba tundu, kwa sababu gundi na tepu za kawaida hazishiki juu yake. Tafuta gundi ya silikoni, safisha sehemu hiyo kwa spiriti, bandika kiraka cha kitambaa cha aina ile ile, kisha kiache chini ya kitu kizito mpaka kesho yake.