Orodha ya barua pepe nyumbani: umeme unasingiziwa

Mtu akisema anataka kusakinisha programu ya Mailman kwenye kompyuta yake ili aendeshe orodha ya barua pepe ya chama, yaani anwani moja inayosambaza barua kwa wanachama wote, jibu huwa lile lile: kodi seva, umeme wa nyumbani hauaminiki. Seva ya kukodi ina faida zake, ila kwenye umeme wanakosea.

Barua pepe ilibuniwa ikijua mashine huzimika. Seva inayotuma ikikuta yako imelala, huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. Postfix, programu ya seva ya kutuma na kupokea barua, isipoguswa mipangilio yake, hurudia kwa vipindi vya kuanzia sekunde 300 hadi 4,000, na haikati tamaa mpaka siku 5 zipite. Kwa hiyo umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni ukarudi saa sita usiku, barua iliyokwama kwenye seva ya Postfix itaingia ndani ya saa moja na dakika kama saba, wala mwandishi wake hatajua kulikuwa na giza. Siku 5! Hata transfoma ya mtaa ikiungua, huenda mafundi wakawahi. Kinachoumia umeme ukikatika ghafla ni hifadhidata. UPS ndogo (betri ya akiba ya kompyuta) na nakala rudufu ya kila usiku vinatosha. Na majina ya wanachama, pamoja na kumbukumbu za mijadala yao, yanabaki kwako.

Hoja nzito ya upande wa pili ni poti ya 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, na wengi hawaizungumzii kabisa. Watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa wateja wa majumbani, na anwani nyingi za IP za majumbani zimo kwenye PBL ya Spamhaus, orodha ya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Utaandika apt install mailman3-full, itamaliza bila kosa lolote, kisha amri ya mailq, inayoonyesha foleni, itakuonyesha kila barua imeganda na "Connection timed out". Dawa ni kuweka relayhost, yaani seva ya kupitishia barua, kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, barua zipitie seva ya mtoa huduma wa barua pepe kwa poti ya 587 na nenosiri.

Mtego unaofuata ni mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele. Tangu Aprili 2014, Yahoo imeagiza kupitia DMARC, kanuni ambayo mwenye jina la kikoa huwaambia wapokeaji la kufanya na barua isiyothibitika, kwamba barua yenye jina lake isiyothibitika ikataliwe. Mwanachama wa Yahoo akiandika, na orodha yako ikaongeza neno kwenye kichwa cha barua, sahihi ya DKIM, inayothibitisha kuwa barua haijabadilishwa, inavunjika na Gmail inaikataa. Mailman inahesabu kukataliwa huko kama kosa la wapokeaji wa Gmail, na baada ya muda inawasimamishia barua watu wasio na hatia. Nenda kwenye mipangilio ya DMARC ya orodha, chagua anwani ya mtumaji ibadilishwe iwe ya orodha, kwa barua zote.

Halafu piga hesabu: wanachama 60, barua 9 kwa siku, ni nakala 540. Ukipitishia barua kwenye akaunti ya bure ya Gmail, hukomea 500 kwa siku. Wapenda utulivu wapelekee muhtasari wa siku. Wanachama wakifika 2,000, hapo kodi seva.