Usiniombe "Ndiyo" kwa Picha ya Uyoga

Msimu wa uyoga ukiingia, simu yangu huanza kupokea picha. Inanyesha siku tatu nne mfululizo, ubaridi unashika, na majani makavu yanainuliwa kutoka chini na vikofia vya kahawia vilivyolowa. Halafu ujumbe unaingia: "Mjomba, huu ndio wenyewe?"

Wenyewe anaouulizia si wa kupika. Ni ule wenye silosibini, kemikali inayomletea mtu maruweruwe. Na mimi, ambaye nimeokota uyoga wa kula kwa miaka mingi na kuusoma kwa mapenzi, nimeamua kwamba picha ya namna hiyo sitaijibu ndiyo. Nasema hivi kwa sababu wapo wajuzi wenzangu wanaoijibu kwa wepesi, na naamini wanakosea vibaya sana.

Misimu miwili iliyopita mpwa wangu alinitumia picha ya kiganja kilichojaa uyoga mdogo mdogo, kama ishirini hivi. Mashina kadhaa yalikuwa yameingia rangi ya samawati pale alipoyabana, na hiyo ndiyo dalili ambayo kila mtu huambiwa aitafute. Mtu mwingine alikuwa ameshampa hongera. Nikampigia nikamwambia asionje hata mmoja, auchukue wote aje nao usiku uleule. Alinuna, lakini alikuja, kaubeba kwenye mfuko wa karatasi.

Nilikata vikofia vyote nikavilaza kwenye karatasi nyeupe, upande wa matamvua ukiwa chini, nikavifunika kwa bilauri na mabakuli mpaka asubuhi. Kikofia kilichokomaa hudondosha spora, vumbi laini ambalo ndilo mbegu yake, na rangi ya vumbi hilo haionekani kwenye picha ya kiganja. Tulipofunua, vikofia vingi vilikuwa vimeacha alama ya zambarau iliyokolea karibu na weusi. Vitatu viliacha rangi ya kutu.

Mpwa wangu aliinama juu ya karatasi ile bila kusema neno. Vile vitatu vilikuwa na kila dalili ya Galerina marginata, uyoga wenye amatoksini, sumu ileile iliyomo kwenye Amanita phalloides, ambao umeua watu wengi kuliko uyoga mwingine wowote. Galerina huota kwenye mbao zinazooza. Na baadhi ya uyoga wenye silosibini hupenda mahali hapohapo, msimu huohuo, bega kwa bega. Kijana hakukosea mahali. Alikosea pale alipochota kwa mkupuo mmoja na kudhani kwamba ule wa samawati unamdhamini na jirani yake. Na hata ile alama ya zambarau haikuwa ruhusa ya kula. Ilisema tu kwamba vile vingine si Galerina. Niliutupa wote.

Amatoksini haiondoki kwa kupikwa, kukaushwa wala kugandishwa. Anayeila hajui kitu kwa saa sita, wakati mwingine kumi na mbili au zaidi. Kisha huja kutapika na kuharisha kusikokatika. Baada ya hapo, na hili ndilo linalonitisha kuliko yote, mgonjwa hupata nafuu. Anakaa, anakunywa maji, anasema imepita, anarudi nyumbani. Wakati huo sumu inazuia chembe za ini kutengeneza protini zinazohitaji ili ziishi, na siku ya tatu au ya nne ini linaanza kushindwa kazi. Ndiyo maana mtu aliyekula uyoga wa porini na kuanza kutapika baada ya saa nyingi apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga yakiwepo yabebwe, hata kama anaapa kwamba amepona.

Mwaka 1981, katika kisiwa cha Whidbey, jimbo la Washington nchini Marekani, vijana watatu walikula Galerina wakidhani ni uyoga wa kulevya. Mmoja wao, msichana, alifariki. Makosa ya upande wa pili nayo yapo. Mwaka 1799 baba mmoja aliokota uyoga kwenye bustani ya Green Park, London, akiamini ni wa kula, akaipikia familia yake. Mtoto wake wa miaka minane alishikwa na kicheko kisichozuilika, na watu wazima wakaamini wanakufa. Daktari Everard Brande aliyewatibu aliandika habari hiyo, na ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya kitabibu kuhusu uyoga wa aina hii. Basi tangu zamani jicho peke yake limekuwa shahidi dhaifu.

Najua nitaambiwa: lakini wanasayansi wenyewe wanausifu. Hapa naomba tuwe waangalifu. Silosibini ilitengwa na Albert Hofmann mwaka 1958, na ni kweli kwamba leo inachunguzwa kama tiba ya sonona; mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa utafiti huo njia ya haraka. Ila katika majaribio hayo mgonjwa hupewa kipimo kinachojulikana, baada ya kuchunguzwa moyo na historia ya akili yake, na watu waliofunzwa wako kando yake saa zote. Hakuna anayempa kiganja cha vitu vilivyookotwa gizani. Hata Oregon, jimbo la Marekani ambako wapiga kura waliruhusu huduma hiyo mwaka 2020, unaotumika ni Psilocybe cubensis, aina moja ya uyoga wenye silosibini, uliooteshwa na wakulima wenye leseni. Kapu la msituni halipokelewi. Na katika nchi nyingi kuuokota tu ni kosa la jinai.

Wengine watanitajia María Sabina, mganga wa Kimazateki wa Huautla de Jiménez, Mexico, ambaye mwaka 1955 alimruhusu Mmarekani Gordon Wasson aingie kwenye kesha lake. Nami naheshimu sana habari yake. Kwake uyoga ulikuwa wa kumtibu mgonjwa, usiku, kwa sala na nyimbo. Baada ya Wasson kuitangaza safari yake mwaka 1957, wageni walifurika kijijini wakitafuta msisimko, na nyumba ya mama yule ikachomwa moto. Anayemtaja kama kibali cha kwenda kuokota ameshika nusu ya habari, tena nusu ndogo.

Lipo na jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha: baadhi ya uyoga wa silosibini unaoota kwenye mbao humlegeza mtu misuli kwa saa kadhaa, hata akashindwa kusimama. Mtu aliye peke yake msituni, jioni yenye baridi, akipatwa na hali hiyo, hatari si ya kichwani tena.

Kwa hiyo wewe unayejua uyoga, ukiletewa picha, usijibu ndiyo. Ndiyo yako itasafiri. Ataionyesha kwa rafiki yake, rafiki ataokota mwingine unaofanana nao, na wote watasema fulani alithibitisha. Ulichoona ni upande mmoja wa vikofia vitano kati ya ishirini. Hujaona vilivyofichwa chini ya vidole.

Karatasi ile ninayo bado, nimeibandika mlangoni kwa ndani, na ile kutu haijafifia. Wiki iliyopita picha nyingine imeingia, kutoka kwa rafiki wa mpwa wangu. Kabla sijaandika neno, mpwa wangu alikuwa ameshamjibu: "Usile. Njoo kwanza uone karatasi ya mjomba."