"Nitajieni Mtanzania mmoja aliyenyongwa bila hatia"

Kila yanapotokea mauaji ya kutisha, mjadala wa adhabu ya kifo hufufuka, na wanaoitetea huwa na swali moja wanaloliweka mezani kama karata ya mwisho: nitajieni Mtanzania mmoja aliyenyongwa bila hatia. Upande wa pili hunyamaza, au hukimbilia Marekani kutafuta mifano. Naona swali hilo lijibiwe hapahapa nyumbani, maana ukimya huo umefasiriwa vibaya kwa muda mrefu.

Kwanza niwatendee haki wanaotetea kitanzi. Si watu wakatili. Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipoketi Kahama na kuwahukumu kunyongwa wanaume watatu waliomuua mtoto mwenye ualbino, familia nyingi zilizokuwa zikilala milango imefungwa kwa magogo zilishusha pumzi. Mzazi aliyepoteza mwana kwa panga la mtu anayetafuta utajiri wa haraka, ukimwambia muuaji atalishwa na serikali hadi uzeeni, unamtonesha kidonda. Tena kuna hoja nzito zaidi: katika nchi ambayo taarifa za mtuhumiwa kuuawa na "wananchi wenye hasira kali" si habari ngeni, sheria ikionekana legelege watu huokota mawe. Hofu hiyo ni ya kweli.

Lakini turudi kwenye swali. Tunajuaje kwamba mtu alihukumiwa kimakosa? Japani, Iwao Hakamada alikamatwa 1966 akihukumiwa kifo 1968 kwa mauaji ya familia ya mwajiri wake. Ushahidi mkubwa ulikuwa nguo zenye damu zilizopatikana ndani ya tangi la miso, kiungo cha soya, miezi 14 baada ya mauaji. Nguo zile zilihifadhiwa. Miongo kadhaa baadaye wataalamu walieleza kwamba damu iliyokaa ndani ya miso muda wote huo isingebaki na wekundu ule. Septemba 2024, akiwa na miaka 88, alitangazwa hana hatia na mahakama, iliyosema ushahidi ulitengenezwa na wapelelezi. Dada yake Hideko alikuwa amempigania kwa miongo mingi.

Kilichomwokoa Hakamada ni vitu viwili: alikuwa bado hai, na kulikuwa na kitu cha kupima. Sasa fikiria kesi yetu ya kawaida ya mauaji. Ni usiku, kuna panga, kuna koroboi au mbalamwezi, na shahidi aliyeamka kwa mayowe anasema, "Nilimtambua, ni jirani yetu." Mahakama ya Rufani yenyewe, katika shauri la Waziri Amani la 1980, ilionya kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu na hauaminiki kirahisi, ikataka mwanga, umbali na muda wa kumwona mtu vichunguzwe. Onyo zuri sana. Ila likishapuuzwa au kutumiwa vibaya, hakuna tangi la kurudi kuchungulia. Ushahidi ni maneno, na mwenye maneno hufa, husahau, au huhama. Kwa hiyo kukosekana kwa majina ya walionyongwa kimakosa hakuthibitishi kwamba hawakuwapo. Hatuna chombo cha kuwatafuta.

Nitajibiwa kwamba Mahakama ya Rufani hufuta hukumu za kifo mara kwa mara, na ni kweli. Ila soma hukumu hizo: mara nyingi anayeponea rufaani huponea kasoro ya mwenendo wa kesi, maelezo ya onyo (yale anayoandikisha mtuhumiwa polisi) yaliyochukuliwa nje ya muda, au kielelezo kilichopokelewa kinyume cha utaratibu. Asiye na hatia ambaye jalada la kesi yake halina kasoro hana pa kutokea. Rufaa ikishakataliwa hubaki mapitio, yaani Mahakama hiyohiyo kuiangalia upya hukumu yake, chini ya kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, ndani ya siku 60. Miongoni mwa sababu zinazokubaliwa humo kuna kosa la wazi katika rekodi, kunyimwa haki ya kusikilizwa, ulaghai na ushahidi wa uongo. Ushahidi mpya haumo. Shahidi aliyekosea kwa nia njema, akaapa alichoamini, hakusema uongo, naye hayumo.

Wala si makosa ya nia njema pekee. Machi 2019, mfanyabiashara mmoja wa Tabora alifutiwa shtaka la mauaji baada ya Rais Magufuli kusoma gazetini barua ya malalamiko na kuagiza uchunguzi, ambao ulibaini kuwa alibambikiwa kesi. Nimeifikiria barua ile mara nyingi. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana. Mahakama ya chini inayomsomea shtaka haimtaki ajibu lolote, kwa kuwa haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Kisha huja wimbo tunaoujua sote, "upelelezi haujakamilika", mwezi baada ya mwezi. Mtu huyu alitoka kwa sababu mhariri aliipa barua nafasi na rais akafungua ukurasa ule.

Na akifika mbele ya jaji wa Mahakama Kuu? Akishamtia hatiani kwa mauaji, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinampa jaji mlango mmoja tu kwa mtu mzima, ukimtoa mwanamke mjamzito: kumhukumu kunyongwa. Jaji aliyeridhika kisheria lakini moyoni bado ana kitu kinachomkera hana pa kukiweka. Uganda iliondoa ulazima huo 2009, Kenya 2017 katika shauri la Muruatetu. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha kwetu, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, ikaipa Tanzania mwaka mmoja kurekebisha.

Wapo wanaosema tusihangaike, hajanyongwa mtu tangu 1994. Magufuli naye alitamka 2017 kwamba hatasaini. Lakini neno la rais huondoka na rais, na kalamu ipo palepale mezani. Tena hata bila kunyongwa, mwenye hukumu hiyo husikiliza kila hatua za askari zinaposimama mlangoni.

Ningependa Bunge lianze na mambo mawili ambayo hata mtetezi wa kitanzi anaweza kuyaunga mkono: kifungu cha 197 kimpe jaji uhuru wa kuchagua adhabu, na mapitio yapokee ushahidi mpya wakati wowote mfungwa angali hai.