Boti Yapewa Miezi 18, Mwenyewe Siku 90

Sheria inayoniudhi kuliko zote tangu nianze kusafiri kwa matanga ni ile ya Ulaya. Boti iliyosajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwenyewe pia haishi humo, inaruhusiwa kubaki miezi 18 bila kulipiwa ushuru wala VAT. Lakini mwenyewe, kama hana viza ya kukaa muda mrefu, ana siku 90 tu ndani ya kila siku 180 katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao. Forodha inahesabu chombo, uhamiaji unahesabu mtu, kila mmoja kwa kalenda yake. Siku ya 90 ikiangukia wiki ya dhoruba, nahodha anabaki njia panda: akitweka tanga anahatarisha maisha, akingoja upepo utulie anaweza kujikuta amevunja sheria.

Marekani nako, raia wa nchi zilizosamehewa viza anaweza kushuka kwenye ndege kwa ESTA pekee, idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni. Akija na boti yake mwenyewe, idhini hiyo haimfai. Lazima awe na viza. Mtu ni yuleyule, pasipoti ni ileile.

Sipingi ukaguzi. New Zealand inataka taarifa saa 48 kabla hujafika, na tangu 2018 inataka pia chombo kije na tumbo safi, bila chaza wala mwani ulioganda. Kazi ya kukwangua ni ngumu, lakini naiunga mkono kwa moyo wote. Kiumbe mgeni akishazaliana kwenye ghuba, hakuna faini itakayomtoa.

Nilijifunza thamani ya karatasi kwa njia ngumu. Niliondoka bandari moja siku ya Jumamosi, ofisi imefungwa, upepo mzuri, nikajiambia hati ya kuondoka si lazima. Nilipofika nchi ya pili nilipandisha bendera ya njano upande wa kulia wa mlingoti, ile ya herufi Q inayosema chombo changu hakina maradhi na naomba ruhusa ya kuingia. Ofisa alipekua mkoba wangu mara mbili. Nikampa daftari la safari, nikampa na risiti ya gati iliyoloa pembeni.

"Nahodha, hii ni risiti," akasema. "Mimi nataka muhuri wa ulikotoka."

Tulikaa siku mbili ndani ya boti, nchi kavu tukiiona kwa macho, hadi alipopata uthibitisho. Simlaumu. Bila hati ile angejuaje kama sikukimbia deni, au kama sikumshusha njiani mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya mabaharia? Tangu hapo, hata nchi isiyojali utokaji wako, naomba inigongee muhuri. Wakikataa, naomba barua.

Ila ofisa anayedai karatasi naye anapaswa kujua bahari. Mtu wa matanga akikutana na pepo za mbisho, zinazovuma kutoka mbele, safari ya siku tatu inakuwa ya saba. Ninachotaka kiandikwe kwenye sheria za uhamiaji ni kipengele kimoja: nahodha akitoa taarifa kwa redio kabla siku zake hazijaisha, na utabiri wa hali ya hewa ukimuunga mkono, siku za kungoja upepo zisihesabiwe.